Akiba ya Nyumba Kwanza, Kisha Bima

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Ndugu yetu mmoja katika wahudhuriao darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha alisimama wiki chache zilizopita akatuuliza suala, na sauti yake yatetemeka. Yeye ni mtu wa Majengo, hapa Mombasa, na nyumba akaayo ilijengwa na marehemu babake juu ya ardhi ya watu, kama zilivyo nyumba nyingi za mtaa ule: nyumba ni yao, ardhi si yao. Usiku mmoja waya wa stima uliochakaa ulishika moto darini. Jiko na vyumba viwili viliteketea kabla majirani hawajauzima. Alhamdulillahi, hapana roho iliyopotea. Na ndugu huyu alikuwa na bima, ameilipia miaka sita bila ya kukosa. Alipokwenda kudai alilipwa nusu ya khasara yake. Nusu iliyobaki akaikopa, nyingine kwa simu na nyingine kwa mkopeshaji wa riba. Sasa nyumba ina dari mpya, lakini mwenyewe hapati usingizi, kwani deni limekua likapita gharama ya dari yenyewe.

Suala lake lilikuwa na vipande viwili: bima ni halali au si halali; na la pili, mtu afanye nini ili asinaswe tena pale pale. Kabla hatujajibu, mzee wetu mmoja aliyeegemea nguzo akasema kwamba yote haya ni uchache wa kutawakali, na kuwa mwenye kumtegemea Mungu hana haja ya bima wala ya akiba. Basi masuala yakawa matatu. Sisi twaanza na la mzee, kwa heshima yake, na kwa kuwa ndilo lililowakalia wengi moyoni ingawa hawasemi.

Mzee wetu amesema neno ambalo nusu yake ni kweli. Riziki iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na mwenye kudhani kwamba hati ya bima au fedha za bengi ndizo zitakazomlinda, huyo ameteleza. Lakini kutawakali si kukaa. Katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake ndipo atawakali, au amwache wazi na atawakali, akaamrishwa afunge kwanza. Na iliyo wazi zaidi kuliko hiyo ni khabari aliyoieleza Sayyidna Umar bin Khattab, nayo imo katika Bukhari na Muslim, ya kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwatengea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka mzima katika mali ya Banu Nadhir, na kilichosalia akikitumia katika farasi na silaha. Je, yuko katika sisi aliyetawakali kuliko yeye? Hayuko. Naye aliweka akiba ya mwaka.

Twajua wapo watakaotukumbusha kwamba alipofariki dunia deraya yake ya chuma ilikuwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri. Ni kweli, nayo imo katika Sahih. Wanavyuoni wameeleza kwamba akiba ile haikuwa ikifika mwisho wa mwaka, kwa kuwa alikuwa akiitoa kwa wageni na wenye haja. Hili halivunji hukumu ya kuweka akiba. Latufundisha tu kwamba akiba ya Muislamu ina mlango, si kaburi la fedha.

Na tazameni kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) katika Qurani. Sisi hukisoma kwa ajili ya uzuri wake, tukayapita mafundisho ya nyumbani yaliyomo. Alipoifasiri ndoto ya mfalme hakusema tu kwamba itakuja miaka saba ya njaa. Alitoa mpango: walime miaka saba mfululizo, na watakachovuna wakiache katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula. Kwa nini katika mashuke? Wafasiri wametaja kwamba nafaka ikiwa ndani ya shuke haiharibiki upesi. Nasi twaongeza kwa kufahamu kwetu wenyewe: nafaka iliyo katika shuke haiko tayari kuliwa. Yataka kupurwa na kupepetwa na kusagwa. Mwenye njaa ya kweli atafanya kazi hiyo. Mwenye tamaa ya usiku mmoja ataona uvivu. Tutarudi kwenye jambo hili. Kisha akasema kwamba katika miaka ya shida wataila akiba ile isipokuwa kidogo watakachokihifadhi, na waliofasiri wakasema hicho ni mbegu. Kwa hivyo hata katikati ya njaa ghala halikukombwa mpaka sakafu.

Sasa tuseme kwa nini jambo hili tumelifanya la darsa na hatukuwaachia watu wa soko. Tumechunguza khabari za ndugu wengi walioingia katika riba, na tumeona kwamba wachache sana waliingia kwa kutaka biashara kubwa. Wengi waliingia kwa mlango wa dharura: mtoto kalazwa, paa limeanguka, ajira imekatika, maiti yuko ndani. Mtu mcha Mungu asiyekosa swala ya jamaa, saa nane za usiku hana shilingi, na simu iko mkononi yamwambia kwamba kwa kubonyeza mara mbili atapata elfu ishirini. Tuchukue mfano wa mkopo wa mwezi mmoja wenye nyongeza ya asilimia 7 na nusu. Katika 20,000 nyongeza ni shilingi 1,500, naye aona ni kidogo. Mwezi ukifika hana, akope tena ili alipe, na hivyo hivyo mpaka mwaka utimie. Atakuwa ametoa shilingi 18,000 za nyongeza peke yake, na zile 20,000 bado adaiwa kama siku ya kwanza. Tumekhutubu sana juu ya ukubwa wa dhambi ya riba, na ni wajibu wetu kukhutubu. Lakini khutuba haimfai sana mtu saa nane za usiku. Linalomfaa saa ile ni shilingi 20,000 zilizowekwa tangu mwaka jana.

Ama bima, khitilafu yake si ya jana. Ibn Abidin, mwanachuoni mkubwa wa Kihanafi wa Damascus aliyefariki mwaka 1836, aliandika juu ya wafanya biashara waliokuwa wakimlipa mgeni fedha ili bidhaa zao zikizama au kuungua awalipe, na jambo hilo wakiliita sukra. Yeye aliona si halali kwa mfanya biashara kuchukua badala ile. Katika wanavyuoni wa zama zetu wako walioruhusu, na mashuhuri wao ni Sheikh Mustafa Zarka wa Sham. Hoja yake ni kwamba asili ya miamala ni kuruhusiwa na kwamba ndani yake mna kusaidiana. Kisha Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Jeddah mwezi wa Desemba 1985, iliamua kwamba bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ina gharar kubwa yenye kuuharibu mkataba, kwa hivyo ni haramu. Na ikasema kwamba badala yake ni bima ya kusaidiana.

Gharar ni kuuza na kununua lisilojulikana. Mtu alipa leo shilingi 9,000 na hajui atapata nini. Huenda asipate kitu maisha yake, huenda akapata milioni kesho. Na kampuni nayo haijui itatoa nini. Tena fedha hizo kwa desturi huwekwa katika amana za riba. Katika bima ya kusaidiana, iitwayo takaful, washiriki hutoa michango yao kwa nia ya kuchangiana. Mfuko ni wao. Kampuni ni wakili wao tu mwenye ujira unaojulikana. Na kinachobaki baada ya madai hubaki katika mfuko au hurudishwa kwa washiriki. Sudan ilianza kampuni ya namna hii mwaka 1979, na hapa Kenya kampuni ya takaful ilianza kazi mwaka 2011. Asili ya fikra yenyewe ni kongwe. Mtume (s.a.w.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari kwamba chakula chao kikipungua, vitani au Madina, hukusanya walicho nacho katika nguo moja kisha wakagawana sawasawa, akasema hao ni katika yeye na yeye ni katika wao.

Sisi twafuata uamuzi wa Majmaa. Apataye takaful asiipite akaenda kwenye nyingine kwa sababu ya tafauti ya bei ndogo. Aliyelazimishwa na sheria, kama mwenye gari la barabarani, na hakupata ila ile ya kawaida, huyo hatumtii dhambini. Lakini nyumba ya kawaida ya mtaani isiyo na deni la bengi, hapana amlazimishaye mwenyewe kuiwekea bima, kwa hivyo ana wasaa wa kuchagua vizuri. Wala hatupendi kuona watu wakitukanana misikitini kwa jambo ambalo wanavyuoni wamelikhitilafiana kwa adabu.

Turudi kwa ndugu yetu. Kwa nini alilipwa nusu? Watu wengi walimwambia amedhulumiwa. Tulimwomba atuletee hati yake tukaisoma pamoja na kijana wetu mmoja ajuaye kazi hiyo, tukaona kwamba hakudhulumiwa kwa mujibu wa mkataba. Hakuelezwa tu, naye hakuuliza. Katika hati hizi, ziwe za kawaida au za takaful, huwamo kanuni ya wastani. Nyumba ambayo kuijenga upya ni shilingi 4,000,000, mwenyewe akiiandikisha kwa 2,000,000 ili alipe kidogo, huhisabiwa kwamba nusu ya nyumba ameiwekea bima na nusu amejibebea mwenyewe. Basi ikiungua sehemu ya khasara ya 600,000 atapewa 300,000, ingawa 600,000 ni chini sana ya zile milioni mbili alizoandikisha. Ndivyo ilivyomfika. Alidhani amepunguza malipo, kumbe amenunua nusu ya bima.

Na wako wafanyao kinyume chake. Huandikisha nyumba kwa bei ambayo wangeiuza, pamoja na kiwanja. Ardhi haiungui. Linalotakiwa kuandikishwa ni gharama ya kujenga upya: mawe, saruji, boriti au nondo, mabati, milango, ujira wa mafundi, na kuondoa kifusi. Kwa wale wenye nyumba juu ya ardhi ya wengine jambo hili ni jepesi, kwa kuwa walicho nacho ni jengo tu. Kila baada ya miaka miwili hivi na aulizwe fundi mwaminifu, maana bei ya saruji ya mwaka ulipojenga si ya leo.

Njia ya haki ya kupunguza malipo iko, na iliyo kubwa kuliko zote ni hii: usimlipe mwenzio akubebee mzigo ambao mgongo wako waweza. Karibu kila hati ina sehemu ya kwanza ya khasara ambayo mwenye nyumba huibeba mwenyewe. Ukikubali kubeba zaidi, malipo ya mwaka hupungua. Tuseme kwa mfano tu kwamba ukibeba shilingi 5,000 za kwanza utalipa 9,000 kwa mwaka, na ukibeba 20,000 za kwanza utalipa 6,500. Umepunguza 2,500 kila mwaka, na umejitwika 15,000 zaidi siku ya khasara. Gawanya: ni miaka sita. Ikiwa nyumba yako hupatwa na khasara ya kudai mara moja katika miaka kumi, umefaidika. Ikiwa hupatwa kila miaka mitatu, usifanye. Na pengine tatizo lako si bima bali ni paa.

Lakini, ndugu msomaji, angalia sharti iliyojificha hapa. Kubeba 20,000 za kwanza kwamfaa yule tu aliye nazo. Asiye nazo, siku ya moto atazikopa kwa riba, na zile 2,500 alizookoa zitaliwa na nyongeza kwa muda mfupi. Ndiyo sababu tukakiita kichwa cha darsa hii akiba kwanza, kisha bima. Akiba ndiyo ikupayo ruhusa ya kununua bima kwa bei nafuu. Na kile ulichookoa katika bima kisiingie sokoni. Kiingie katika akiba siku ile ile, kwani ukikiacha mfukoni hakitaonekana tena.

Yako mengine madogo. Uliza bei mahali patatu kabla ya kutia sahihi, na uulize vilivyotolewa katika dhamana, si vilivyomo tu. Mvua ipitayo katika paa lililooza kwa miaka, au boriti iliyoliwa na mchwa, kwa kawaida hailipwi na yeyote, kwa kuwa hiyo si ajali bali ni uzee wa nyumba. Usidai kila kikombe kilichovunjika. Andika vyombo vyako na upige picha, kisha picha na risiti viwe kwa jamaa yako wa mtaa mwingine; tumewaona watu ambao ushahidi wao uliungua pamoja na kabati. Ukiweza lipa mara moja kwa mwaka, kwa sababu vipande mara nyingi huwa na nyongeza, na kipande kimoja kikikosekana dhamana yaweza kukatika bila wewe kujua. Na usiseme uongo. Ukiulizwa paa ni makuti au mabati, sema makuti. Ukiwa na wapangaji, au chini wapika mahamri ya kuuza, sema. Uongo wa hapa ni dhambi kwa Mwenyezi Mungu, na kwa kampuni ni sababu ya kukunyima kila kitu siku ya haja.

Ama nyaya za stima, wallahi twastaajabu. Mtu atalipa bima miaka kumi na hatalipa fundi siku moja. Soketi moja imetiwa friji na pasi na televisheni, na waya umefungwa kwa kitambaa. Hii bima ya kwanza haina khitilafu ya wanavyuoni hata mmoja.

Sasa akiba yenyewe iwe kiasi gani? Usianze na kipato, anza na matumizi ya lazima. Chukua daftari uandike mwezi mmoja bila ya kujificha nafsi yako. Tuseme nyumba yatumia kodi 12,000, chakula 18,000, stima na maji 3,500, ada ya watoto na nauli 6,500. Jumla ni 40,000. Wajuao mambo haya husema akiba iwe ya miezi mitatu mpaka sita ya matumizi ya lazima. Kwa mwenye mshahara miezi mitatu yaweza kumtosha, na kwa baharia, mvuvi na mwenye duka, ambao kusi na kaskazi huwageuzia mambo, ni bora iwe sita. Miezi mitatu hapa ni 120,000. Ukiweka 2,000 kwa mwezi ni miaka mitano. Wengi husikia miaka mitano wakaacha. Nasi twasema: mwezi mmoja wa matumizi, yaani 40,000, utaufikia katika miezi ishirini, na shari nyingi za nyumbani huanguka ndani ya mwezi huo mmoja. Aliye na 40,000 hawezi kulinganishwa na asiye na kitu.

Na hapa ndipo mashuke ya Nabii Yusuf yarudipo. Akiba ikiwa katika simu ile ile unayonunulia mkate, hiyo ni nafaka iliyokwisha kusagwa. Itaisha kabla ya Ijumaa. Iweke mahali ambapo kuifikia kwataka safari: hesabu ya amana isiyo na riba katika bengi ya Kiislamu, na kadi yake isikae mfukoni. Upatu ni kitu kizuri, nao ni kukopeshana kwa wema, lakini hauwi akiba ya dharura, kwani zamu huja kwa tarehe na moto hauji kwa tarehe. Mama zetu wapatapo zamu yao na waitie sehemu katika akiba kabla kanga hazijanunuliwa. Dhahabu pia ina nafasi yake, ila auzaye kwa haraka hupoteza ujira wa sonara, na si kila saa duka liko wazi.

Kisha jueni lipi ni dharura. Moto, ugonjwa, kukatika kwa kazi, mazishi, ukuta kuanguka. Idi si dharura. Tarehe yake yajulikana. Ada ya shule si dharura. Na harusi si dharura hata kidogo, ingawa katika mji wetu yaendeshwa kama kwamba adui kaingia. Twajua nyumba zilizolisha watu mia nne usiku mmoja, kwa ukumbi wa kukodi na nguo za kushonesha sare, na kabla mwaka haujaisha bahasha yao ikapitishwa msikitini kwa ajili ya paa. Waliokula pilau ndio walioombwa, na wengi hawakuwa na kitu, kwani nao walikuwa wakijiandaa kwa harusi zao. Walima ni sunna, na Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Mbuzi mmoja! Hatuwaambii watu wasifurahi. Twawaambia thuluthi ya gharama ile ingeweka mwezi mzima wa akiba katika nyumba ya maharusi wenyewe.

Aliyekwisha weka akiba asisahau zaka. Fedha zikifika kiwango, nacho ni thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha nyeupe, na zikapitiwa na mwaka kamili wa mwezi mwandamo, zina zaka ya asilimia 2 na nusu, hata kama umeziweka kwa ajili ya dharura. Katika 120,000, zikiwa zimefika kiwango kwa bei ya siku hiyo, zaka ni 3,000. Dhahabu ya kuvaliwa na mwanamke kwa ada, katika madhehebu yetu ya Shafi haina zaka. Lakini ikiwekwa sandukuni kwa nia ya kuwa hazina, ina zaka. Na yule aogopaye aya ya Sura ya Tawba inayowaonya walimbikizao dhahabu na fedha, basi Ibn Umar (r.a.) ameieleza kwamba mali iliyotolewa zaka siyo kanzi inayokusudiwa. Abu Dharri (r.a.) alikuwa na rai kali kuliko hiyo, nasi twamheshimu, lakini masahaba wengi hawakuichukua.

Limebaki la ndugu yetu wa Majengo, ambaye hana akiba bali ana deni. Tulimwambia asianze kwa kujaza akiba huku riba inakimbia nyuma yake. Aweke kidogo tu, kama 5,000, ili homa ya mtoto isimrudishe kwenye simu. Kisha nguvu zote ziende katika deni la riba mpaka likatike. Ndipo ajenge akiba. Na hati ya bima ikimalizika mwaka, aandikishe nyumba kwa gharama yake ya kweli katika takaful. Deni lililobaki tulilihisabu likawa shilingi 60,000. Katika darsa ya pili watu kumi walimkopesha 6,000 kila mmoja, mkopo mwema usio na nyongeza, naye akaenda akamaliza na wale wadai wake. Atalipa 2,500 kila mwezi kwa miezi ishirini na nne, na waliomkopesha walipiga kura nani arudishiwe kwanza. Mzee aliyekuwa ameegemea nguzo alikuwa katika wale kumi. Alikataa kupiga kura, akasema jina lake liandikwe la mwisho. Kipande cha mwezi wa kwanza kimekwisha lipwa, na daftari iko kwa mweka fedha wa darsa kwa atakaye kuitazama.

Wallahu aalam.